Boa la manyoya darini kwa koko, na jina la mtu niliyemwandika vibaya

Shwaaa.

Kimya cha kama sekunde kumi na mbili. Kisha tena: shwaaa.

Hiyo ndiyo sauti niliyoisikia juu ya kichwa changu saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, nikiwa nimeketi sebuleni kwa koko wangu hapa Majengo, Goma, nikisahihisha tasnifu. Ilikuwa sauti kavu, kama ya mtu anayeburuta maganda ya mahindi juu ya karatasi.

Wakuu, nawasalimu nyote. Mimi ni msomaji wa jukwaa hili kuliko mwandishi, na huu ni uzi wangu wa kwanza. Sitaongeza chumvi. Niliyoyaona nitayasema kama niliyoyaona. Niliyosimuliwa nitamtaja aliyenisimulia. Majina tu ndiyo niliyoyabadilisha.

Mniwie radhi kwa urefu. Nikiwa na jambo moyoni huwa naandika mengi.

Kwanza, mnifahamu. Ninasoma shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu mavazi ya wanawake wa Goma katika miaka ya hamsini, enzi za Wabelgiji. Miezi minane iliyopita nilihamia kwa koko (ndivyo tunavyowaita bibi zetu huku) ili niwe karibu na chanzo changu kikuu cha habari, yaani yeye mwenyewe.

Koko Feli, katika miaka hiyo, alikuwa msichana wa kupiga pasi na kutunza nguo katika nyumba ya mkulima mmoja wa kahawa, Mbelgiji, kando ya ziwa. Mdogo wake, Vele, alikuwa yaya wa mtoto katika nyumba hiyohiyo.

Mke wa mkulima, ambaye koko humwita Madame tu, alikuwa na boa.

Kwa wasiolijua vazi hilo: ni skafu ndefu ya manyoya, ya kujizungushia shingoni na kuiachia ining'inie hadi magotini. Wafaransa waliipa jina la nyoka yule anayebana, kwa jinsi inavyojiviringisha mwilini. Boa la Madame lilikuwa la manyoya ya mbuni, jeupe, na alilivaa Jumamosi tu, akienda kucheza dansi na Wazungu wenzake.

Siku moja boa likapotea.

Kila mtu katika ukoo wetu anaijua hadithi hii: Vele aliliiba, akafukuzwa kazi, na baba yao, kwa aibu, akampeleka Bunagana, mpakani na Uganda, akalelewe na shangazi. Huko akaolewa, huko akazeekea. Harusi zetu haalikwi. Kijiko kikipotea jikoni, hata watoto ambao hawajawahi kumwona hucheka wakisema, "Vele amepita hapa."

Nami nikaiandika. Sura ya tatu, ukurasa mzima, kwa lugha safi ya kitaaluma, na jina lake kamili. Nikampelekea msimamizi wangu, naye akaisifu.

Hapa niseme kosa langu kabla hamjanigundua.

Namba ya simu ya Vele ilikuwa kwenye daftari langu tangu mwezi wa kwanza. Sikuipiga. Katika ukoo wetu, mkubwa akishasema, mdogo haulizwi. Kumwuliza ni kama kumwambia mkubwa kwamba umemtilia shaka. Nimelelewa hivyo, na sikuona hata kwamba ni desturi. Niliona ni adabu tu. Kisha nikaivika joho la elimu. Pembeni ya namba ile niliandika kwa penseli: "chanzo cha pili, si cha lazima."

Naandika kila kitu kwa penseli ili niweze kufuta. Koko hunitania kwa hilo. "Masomo yote ile," huniambia, "na bado unaandika na krayo kama mutoto wa primere."

Turudi darini.

Niliposikia sauti ile, nilifanya ninachofanya siku zote: niliandika uwezekano wa aina tatu. Moja, upepo. Mbili, panya. Tatu. Sikuimaliza ya tatu, kwa sababu ubao wa dari ulishuka kidogo, kama godoro linavyobonyea mtu anapogeuka kitandani, na katika ufa nikaona kitu cha kahawia, kinachong'aa, kikipita polepole, kikipita, na bado hakijaisha kupita.

Nikajikuta juu ya meza. Sijui nilipandaje.

Jirani yetu, Mama Zawadi, alisikia ukelele wangu akaja mbio na mwiko mkononi. Alinitazama mimi kwanza, si dari.

"Eh! Mama Profesa iko juu ya meza! Kwenye universite banafundishaka hivi?"

"Nyoka," nikasema. "Darini. Nyoka."

Mwiko ukaanguka. Akaenda kumwita Papa Gasore, seremala wa mtaa, ambaye ndiye hutengeneza dari zetu na kwa hiyo ndiye hutoa kila kinachoishi ndani yake.

Sasa lipo jambo nililolipuuza wakati ule. Koko alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango, na hakushtuka hata kidogo kuhusu nyoka. Alichoshtukia, Papa Gasore alipofika, ni nyundo yake.

"Muache," akasema. "Usifungue plafo," yaani dari.

"Koko, nyoka ikae ndani ya nyumba?" Mama Zawadi akauliza.

"Ikae. Imeuma nani?"

"Tate," Papa Gasore akamwambia kwa upole, kama tunavyowaita wazee, "nyoka haianze kwa kuomba ruhusa."

Mama Zawadi alinikonyeza, kana kwamba anasema uzee umeshafika. Nami, Mungu anisamehe, nikakubaliana naye. Nikamwambia Papa Gasore afungue.

Lipo na jambo la pili. Kila mwaka, kwa muda wote ninaoukumbuka, koko alikuwa akipanda kwenye ngazi na kutandaza majani makavu ya tumbaku darini. "Ya nyoka," alituambia. "Nyoka haipende arufu." Mwaka huu goti lilimkatalia. Na nilipohamia, mimi mwenye kifua chepesi, nilimlipa mtu ayatoe yote, maana harufu ilinizuia kusoma. Panya wakaingia. Nyuma ya panya akaingia anayewala.

Kwa hiyo nyoka yule nilimkaribisha mwenyewe. Nimelifikiria hilo kwa siku nne, mniachie.

Papa Gasore akabandua ubao mmoja. Vumbi. Akabandua wa pili.

Kitu kirefu, cheupe, kikateremka kutoka gizani na kunitua begani, kikajikunja shingoni mwangu.

Sitaielezea sauti niliyoitoa. Mama Zawadi alikuwa ameshafika barabarani. Papa Gasore alibaki kwenye ngazi, nyundo hewani, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka ngazi ikacheza.

"Mama, tulia! Hiyo si nyoka. Hiyo iko na manyoya!"

Nyoka mwenyewe alitolewa dakika chache baadaye, kwa fimbo na gunia. Alikuwa wa kahawia, urefu wa mkono wangu na zaidi. Papa Gasore akanionyesha bila woga: hana sumu, humjikunjia panya na kumbana mpaka anyamaze. Akaenda kumwachilia mbali, kwenye mawe meusi ya lava ambako hakuna anayejenga. Sauti niliyoisikia ilikuwa yake akipita juu ya kiota cha panya, na kiota kile kilikuwa kimetandikwa manyoya meupe yaliyogeuka manjano.

Kando ya kiota palikuwa na sanduku la bati, kifuniko kimeliwa na kutu.

Sanduku hilo nalijua. Sote tunalijua. Volkeno ilipomwaga moto wake katikati ya mji na watu wakakimbilia upande wa Rwanda, koko aliiacha cherehani yake ikaungua, akabeba sanduku lile kichwani. Tumemcheka kwa miaka. "Watu wanaokoa cherehani, koko ameokoa bati." Alikuwa akijibu kwamba ndani yake mlikuwa na vyeti vya ubatizo.

Hamkuwa na vyeti vya ubatizo.

Wakuu, nilisimama na boa lile shingoni, nikamtazama koko. Naye akatazama mikono yake.

Papa Gasore, ambaye hajui lolote kuhusu ukoo wetu, akauliza kwa furaha, "Tate, hii ilikuwa yako ya ndoa?"

"Hapana," koko akasema. "Ilikuwa ya mutu."

Saa tisa alasiri akaniambia, "Espe, leta kaye yako. Na ile krayo." Nikaleta daftari na penseli.

Haya yafuatayo ni masimulizi yake, niliyoyaandika siku hiyohiyo.

Madame alimpa boa alisafishe. Kazi yake ilikuwa hivi: unga mkavu wa mahindi katika beseni, unalipitisha boa ndani yake polepole, unalikung'uta juani mpaka unga utoke na uchafu wake. Alikuwa na miaka kumi na saba. Binamu yake alikuwa anaolewa katika mji wa Sake Jumamosi hiyo, na Madame alikuwa safarini Bukavu hadi Jumatatu. Koko akalitoa boa katika boksi lake, akalifunga tumboni ndani ya kitenge, akapanda gari la kahawa.

"Nilicheza nayo," akaniambia. "Mutoto yangu, nilicheza! Bote balinitazama. Hata bibi arusi alinitazama."

Kisha mvua ikanyesha.

Manyoya ya mbuni yakilowa hugandana yakawa kama mkia wa mbwa. Jumapili alilikamua nyuma ya nyumba ya kufulia, akalikausha kwa pasi ya makaa, akalichoma kidogo ncha. Hapakuwa na namna ya kulirudisha. Akalificha.

Jumatatu Madame akakuta boksi tupu. Mpishi akasema alimwona Vele chumbani, mkono wake ukiwa juu ya boksi. Basi, hakuna aliyeuliza zaidi. Vele alikuwa na miaka kumi na minne.

"Nilisema nitasema kesho," koko akaniambia. "Kesho ikafika, nikasema kesho. Baba akamupeleka Bunagana. Nikasema nitasema akirudia. Hakurudia."

"Na majani ya tumbaku?"

"Ya nondo. Nondo inakulaka manyoya. Sikuweza kuitupa, sikuweza kuivaa. Niliitunza tu."

Kisha akaniambia neno ambalo limeninyima usingizi: "Andika. Lakini uitoe kwa watu nikishakufa."

Hebu nieleweni. Vele ana zaidi ya miaka themanini. Jina lake limechafuka tangu akiwa na miaka kumi na minne, na mtu wa mwisho kulichafua, kwa maandishi, ni mimi. Nikingoja koko afe, huenda Vele akatangulia. Nikisema sasa, namvunjia heshima mtu aliyenilea.

Kwa siku nne niliandika orodha. Naweza kuiondoa hadithi katika sura ya tatu kimyakimya. Naweza kulibadilisha jina. Naweza kuweka tanbihi. Kila njia ilimwokoa mtu mmoja: mimi.

Jumamosi asubuhi nilimkuta koko uani, kwenye mkeka, miguu imenyooshwa. Mbele yake beseni. Ndani ya beseni unga wa mahindi. Alikuwa anapitisha kile kilichobaki cha boa ndani ya unga, kipande kwa kipande, akikung'uta juani, na kuku wote wa Mama Zawadi wakiwa wamemzunguka wakidonoa.

"Koko, unafanya nini?"

"Kazi yangu. Sikuimaliza."

"Unamsafishia nani?"

Alimfukuza kuku mmoja kwa mguu. Manyoya yalikuwa machache, yenye upara hapa na pale, lakini yaliyotoka katika unga yalikuwa yameanza kufunguka, kila unyoya ukisimama peke yake.

"Ile numero ya Bunagana," akasema bila kuinua macho, "ungali nayo?"

Kabla sijafika kwenye simu, niweke nilichojifunza, maana nikiimaliza simu sitaweza kuandika tena.

Nilidhani heshima na ukweli vinagombana, na kwamba mtafiti hana budi kuchagua. Sivyo. Kutomwuliza mdogo hakukumheshimu mkubwa; kulimfungia koko ndani ya uongo wake kwa zaidi ya miaka sitini, akiutandikia tumbaku kila mwaka. Laiti mmoja wetu angempigia Vele kumsalimia tu, mlango ungefunguka. Sisi sote tulikuwa na adabu mno.

Na kwa wenzangu wanaoandika tasnifu: ukimwandika mtu aliye hai, mpigie. Hata kama mkubwa ameshasema. Hasa kama mkubwa ameshasema.

Mwenye kisa kama hiki katika ukoo wake, yaani ndugu ambaye jina lake hutajwa kwa kicheko tu, naomba atuandikie hapa chini. Na anayeona nimekosea kuyaleta haya jukwaani aseme pia. Nitamsoma kwa makini, hatakuwa amezidi niliyojiambia mwenyewe.

Sasa simu.

Nilikuwa nimeandaa maswali kumi na moja, kwa penseli, yenye namba. Nilipiga saa nane mchana, koko pembeni yangu, boa mapajani mwake. Niliiweka simu itoe sauti nje. Iliita mara tano.

"Alo? Ni nani?"

Sauti ile ilikuwa ya koko kabisa, ila kavu kidogo. Nikajitambulisha: Espe, mjukuu wa Feli, wa Goma. Nikaanza utangulizi niliouandika, kuhusu utafiti na ridhaa ya mhojiwa, nikafika sentensi ya pili.

"Feli amekufa?" akauliza.

"Hapana, koko! Yuko hapa. Anakusikia."

"Basi unyamaze kidogo, mutoto yangu. Umupatie."

Koko aliishika simu kwa mikono miwili.

"Vele. Boa ni mimi."

"Najua."

Mimi na koko tulitazamana.

"Unajua?"

"Nilikuona ile Jumapili, siku ya Yenga, nyuma ya nyumba ya kufulia. Ulikuwa unakamua ile kitu, unalia. Nilikuwa kwenye dirisha na mutoto wa Madame mugongoni. Asubuhi nikapita chambre ya Madame, nikaona umeacha boksi wazi. Nikasema Madame akiingia ataona mbio. Nikaenda kuifunga. Mupishi akanikuta mukono juu."

Koko akaweka boa usoni. Unga ulimjaa kwenye mashavu.

"Vele, kwa nini hukusema?"

"We ndiye mukubwa," sauti ikajibu, bila hasira, kama mtu anayetaja siku ya juma. "Mudogo atasema aje mbele ya mukubwa? Nilingojea wewe useme."

Koko akalishusha boa usoni.

"Nimesema sasa," koko akasema.

"Nimesikia." Kisha, kwa sauti nyingine, ya msichana kabisa: "Na ile kitu, inavalika bado?"

"Panya amekula nusu."

"Basi uniachie nusu yangu. Nayo nitakuja kuchukua mwenyewe, watoto banilete. Nami sijawahi kuigusa, unajua? Niligusa boksi tu!"

Wakacheka. Wakuu, wazee wawili walicheka mpaka Mama Zawadi akachungulia mlangoni kuuliza kama kuna nyoka mwingine.

Nikadhani yameisha, nikanyoosha mkono kuchukua simu niage. Lakini Vele akaniita.

"Ule mutoto wa masomo, angali hapo? Ulisema uko na maulizo."

"Ndiyo, koko. Kumi na moja."

"Anza."

Nikafungua daftari. Swali la kwanza, kama kawaida, lilikuwa jina kamili la mhojiwa. Alilitaja polepole, herufi kwa herufi, la ubatizo na la baba yao. Alisikia mkwaruzo wa penseli, au labda koko alimnong'oneza, sina hakika.

"Usiandike na krayo," Vele akasema. "Tafuta biki ya wino."